Mlango wa Nyuma wa Pikapu ya Mama Futi

Jirani yangu Mama Futi ni fundi cherehani, na ile futi yake ya kupimia haijashuka shingoni tangu nimjue. Hata kwenye msiba wa mumewe alikuwa nayo chini ya mtandio, nadhani alijisahau. Ukikutana naye njiani anakutazama mabega kwanza, halafu kiuno, ndipo anakusalimu. Siku moja aliniambia, "Shemeji, bega lako la kushoto limeshuka kuliko mwaka jana," na kweli nilikuwa nimeanza kuumwa upande huo.

Ananiita shemeji kwa sababu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki yangu. Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi. Miaka thelathini na moja nimepeleka bahasha kwa miguu, ndiyo maana hata leo sijui kukaa mahali pamoja, na hata nikisimulia huwa nazunguka kabla ya kufika. Nivumilieni, nitafika.

Mumewe alikuwa na pikapu ya kubebea mchanga na matofali. Alipougua aliiegesha kwenye ua unaotenganisha nyumba zetu, na hakuiwasha tena. Ilikaa pale miaka mitano. Majani yaliota yakapenya sakafuni yakatokea dirishani, mjusi akahamia kwenye saa ya mwendo. Watoto wa mtaa waliipa jina: Maiti. Mpira ukiruka ua utawasikia, "Umeangukia kwa Maiti!"

Mwaka jana Mama Futi alipata kazi ya kushona sare za shule tatu, mbali kidogo, na gari la kukodi likawa linamlia faida yote. Asubuhi moja akaniita toka upande wake wa ua.

"Shemeji, nimechoka kuishi na maiti. Ama niizike, ama niifufue."

"Kufufua ni kazi ya Mungu, shemeji."

"Mungu ana kazi nyingi. Hii nitaianza mwenyewe."

Injini haikuwa mbaya sana. Makanika aliifungua, akaisafisha, akabadilisha mipira iliyokauka, siku ya nne ikakohoa moshi mweusi ikaunguruma. Kilichobaki ni kutu. Kutu ilikuwa imekula milango, sakafu na bodi ya nyuma, ukigonga kwa kidole kinapita. Mchomeleaji wetu, tunayemwita Cheche, alipotaja bei yake Mama Futi alimwuliza kama anatengeneza gari au analiuza.

Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya kaki, ile anayochorea vipimo vya kola na mikono. Akaitandika juu ya kila tundu, akachora kwa chaki, akakata. Alipata vipande arobaini na kitu, kila kimoja na namba yake. Akanunua mapipa mawili matupu ya mafuta, akayapasua, akaweka zile karatasi juu ya bati na kukata kwa mkasi wa bati mpaka viganja vikatoka malengelenge.

"Vipande hivi, vimeshakatwa," alimwambia Cheche. "Wewe unilipishe moto tu. Akili ni yangu."

Cheche akataka kubandika kipande juu ya kutu, yaishe. Mama Futi akamshika mkono.

"Kiraka hakishonwi juu ya kitambaa kilichooza. Kata mpaka ufikie uzi mzima."

"Mama, hili bati, si shati."

"Tofauti iko wapi? Vyote vinaanza kuoza kwapani."

Tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli: palipooza zaidi ni pale juu ya magurudumu, kwapani kwa gari kabisa. Viti alivishona kwa makombo ya turubai. Rangi alinunua mabaki ya makopo, kijani cha aina tano, akayamimina kwenye ndoo moja akakoroga, akapaka kwa brashi. Ukiitazama toka barabarani ni pikapu nzuri ya kijani. Usisogee tu.

Yote hayo niliyatazama kutoka kwenye kigoda changu, nikimpa moyo, nikimshikia bati anapokata. Jambo moja sikulisema.

Pikapu ile haikuwa na mlango wa nyuma, kile kibao cha bati kinachoshushwa wakati wa kupakia mzigo. Ulikuwa kwangu. Ulikuwa ni mlango wa banda langu la kuku, nyuma ya nyumba.

Niliuchukua mwaka ule mumewe yuko hospitali. Kicheche alikuwa ameniulia kuku kumi na mmoja kwa siku mbili, na mlango ule wa pikapu ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja. Nikajiambia gari hili limekwisha, na jirani ni jirani, akirudi nitamwambia. Hakurudi. Sasa niambieni ninyi, nani anasimama msibani aseme, "Pole sana, halafu kuna mlango wa gari nilichukua"? Nikasema nisubiri msiba upoe. Msiba ukapoa, na mimi nikapoa nao. Nikautoboa tundu la kuku kupita, nikaugeuza ndani nje, nikaupaka rangi ya buluu.

Alipoanza kufufua gari lake ningesema siku ya kwanza. Badala yake nilianza kumpelekea mayai, sita kila Jumamosi.

"Shemeji, una moyo wewe," aliniambia.

Yametagwa nyuma ya mlango wake mwenyewe, na mimi naitikia, "Ah, kidogo tu, shemeji."

Siku alipofika nyuma ya gari na futi yake akashtuka. "Mlango wa nyuma uko wapi? Naukumbuka ulikuwepo." Akanigeukia. "Shemeji, wewe unashinda hapa kutwa. Hukuona mtu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema.

"Macho yangu haya, shemeji, unayajua," nilisema. "Ila Kengele hupitapita hapa na mkokoteni wake."

Hakuna neno la uongo hapo, hebu litafuteni. Kengele ni mnunuzi wa vyuma chakavu, anapita kila mahali akigonga ringi kwa bolti, ndiyo kazi yake. Aliwahi hata kutaka kuinunua Maiti nzima kwa kilo, Mama Futi akamfukuza. Niliyaacha maneno yale kama nilivyokuwa nikiacha bahasha mezani, nikaondoka. Kilichokuwa ndani nilikijua.

Kesho yake Mama Futi alimvizia getini.

"Kengele! Mlango wa marehemu umeuuza kilo ngapi?"

"Mlango gani, mama?"

"Usijifanye bwege. Nani mwingine anakula chuma mtaani hapa?"

"Mama, mimi nanunua. Sijawahi kuokota hata msumari bila kuuliza."

"Mwizi gani ameshawahi kusema ameiba?"

Watu wakasikia, na maneno hayahitaji nauli. Wiki haikuisha mageti yakaanza kufungwa akipita. Watoto wakapata wimbo, "Mwizi wa Maiti! Mwizi wa Maiti!" wanamfuata mpaka kona. Mtu mzima yule, ana wake na wana nyumbani, akawa anapita anatazama chini. Mwisho mlio wa ringi ukahama mtaa wetu. Mimi nilikula chakula bila kujua nimekula nini, na mayai nikaongeza, yakawa kumi.

Karibu miezi miwili ikapita. Pikapu ikawa tayari yote isipokuwa nyuma, na Mama Futi alikuwa ameshachora karatasi ya mlango mpya. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, nikasikia magurudumu ya mkokoteni. Kengele. Hakugonga ringi. Mkokotenini alikuwa na kitu kimoja tu, mlango wa nyuma wa pikapu, mweupe, mzima.

"Mama," alisema, "nimezunguka magereji manne ya magari mabovu. Huu nimeutoa kwenye gari lililopinduka, nimeununua kwa pesa yangu. Wako sikuuchukua. Lakini nimechoka. Chukua huu, unisafishe jina."

Mama Futi aliusogelea mkokoteni. Alivua futi shingoni, ambayo haivuliwi, akapima mlango. Upana. Kimo. Umbali wa bawaba na bawaba. Akaenda kwenye gari akapima tena. Mimi nimesimama pale nikimwomba Mungu vipimo vikatae.

"Hata robo inchi haikuzidi," alisema. Kisha akapaza sauti, majirani wakatoka. "Mmeona? Amekwenda kuutoa alikouficha! Ameupaka na rangi!"

"Mama, magari ya aina moja milango yake si lazima ilingane?"

"Miezi miwili haupo, leo umeupata?"

"Ningejua hivi nisingehangaika," Kengele alisema. Akakaa chini, akaegemea gurudumu la mkokoteni wake, akafunika uso kwa kofia. Muuza duka akasema polisi waitwe. Mwingine akasema kwa nini polisi, kwani sisi hatuna mikono.

Nilipoiona mikono ya mashati ikikunjwa ndipo ulimi ukanifunguka. Kabla ya hapo sikuwa nimefanya ushujaa wowote, na hapo pia sikufanya.

"Shemeji, sio huo," nilisema. "Wako uko kwangu. Kuku wangu wanalala nyuma yake."

Wakadhani nazeeka. Ikabidi niwaongoze mpaka bandani, Mama Futi mbele, wengine nyuma, Kengele wa mwisho. Mama Futi alikwangua rangi ya buluu kwa ukucha, kijivu cha mumewe kikatokea chini. Akaona lile tundu nililokata, akaingiza mkono, kuku mmoja akamdonoa. Hakuna aliyecheka.

"Tangu lini?"

"Tangu yuko hospitali."

"Na siku ile nilipokuuliza?"

"Siku ile nilikuwa najua."

"Nami nikamtukana mtoto wa watu njiani." Akajifuta vumbi la rangi ukuchani. "Mayai yale ungeyaacha kwa kuku, mzee."

Mzee. Wala hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Alimwomba Kengele radhi pale pale, mbele ya wote, na akataka kumlipa ule mlango mweupe. Kengele akakataa pesa. Nikamsogelea na mimi, nikaanza, "Mwanangu, nisamehe, shetani..."

"Shetani mwache, mzee, hana kuku," alisema. "Na samahani yako hapa haina kazi. Hawa wamesikia. Wale wa mitaa mingine je? Mageti yote yale? Wewe si ulikuwa tarishi? Basi peleka."

Ndivyo nilivyorudi kazini. Tulianza Ijumaa asubuhi, yeye anavuta mkokoteni, mimi nasukuma nyuma, na bega langu hili. Kila geti anagonga ringi, mtu akitoka mimi nasema, "Ule mlango wa pikapu niliuchukua mimi. Huyu hakuiba." Wa kwanza niliwaambia nikitazama viatu vyao. Kengele akasema, "Sikusikia, mzee. Rudia." Nikarudia.

Wengine walinipa pole, jambo ambalo ni baya zaidi. Kijana mmoja aliniuliza nina miaka mingapi, nilipomjibu akaguna tu. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akasema, "Haya, nimesikia. Sasa masufuria mabovu mnachukua kwa kilo au kwa macho?" Kengele akatoa mizani yake, mara ya kwanza baada ya muda mrefu kutumika upande ule. Nilimshikia sufuria moja moja.

Mama Futi alitupita siku hiyo hiyo, Maiti imejaa sare mpaka juu, nyuma kaweka mlango wake wa zamani. Tundu langu Cheche alikuwa ameliziba kwa kipande cha pipa, na alama ya moto bado nyeusi kukizunguka. Alipunguza mwendo, akamsalimu Kengele kwa honi. Mimi nilimwinulia mkono. Sijui kama aliniona.

Mtaa wa nne tulikuta mzee mwenzangu amekaa barazani. Nikasema maneno yangu kwa sauti, bila kuambiwa kurudia. Aliniangalia, akamwangalia Kengele, akatabasamu upande mmoja.

"Amekupa ngapi useme hivyo?"

"Hajanipa kitu. Ni kweli."

"Ahaa. Na mimi nilizaliwa jana." Akaingia ndani akafunga mlango, nikasikia na komeo.

Nilitaka kugonga tena. Nilikuwa na mengi ya kumweleza, kuhusu kicheche, hospitali, rangi ya buluu. Kengele alikuwa ameshashika mikono ya mkokoteni.

"Twende, mzee. Huyo tutamrudia kesho," alisema. "Mbele kuna kilima. Sukuma."