Akina Dada Waliniletea Mke Mwenza Marehemu

Mimi niliolewa kanisani, pete kidoleni, ili nisije kuwa na mke mwenza maishani mwangu.

Nikaletewa mke mwenza aliyekufa.

Na walioniletea wala si waganga. Ni wasichana wawili wadogo, wana beji vifuani, wananukia sabuni, wanasema "shikamoo" hadi kwa watoto wa chekechea.

Kaa vizuri, kisa chenyewe hiki hapa.

Naitwa Stephania. Nauza migebuka na dagaa, mzigo nachukua mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki, nyumbani ni Gungu. Mume wangu Eliakimu ni fundi seremala, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Nilimkuta amefiwa na mke wake wa kwanza, Merina, na hawakujaliwa mtoto. Mimi nimemzalia Leonia na mdogo wake.

Kuhusu Merina nilijua tu kwamba alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na kwamba nyumbani kwetu jina lake halitajwi.

Mimi nikajua basi, keshasahaulika. Nikawa nakula maisha yangu kwa amani.

Sasa, nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, wakahamia wamisionari wa lile kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wanawaita Wamormoni. Mmoja Mmarekani, Dada Larsen. Mwingine wa Uganda, Dada Mbabazi. Kwao jina la kwanza halitumiki, ni Dada na jina la ukoo, basi.

Jamani, wale watoto walikuwa na maisha ya ajabu.

Hawaachani. Mmoja akienda dukani kununua chumvi, mwenzake yuko nyuma. Alfajiri wanaruka kamba uani, kisha wanasali, kisha wanasoma kwa sauti mpaka unajua wako sura ya ngapi. Halafu wanatoka kwa miguu, Gungu yote mpaka Rusimbi, juani, sketi ndefu, vumbi mpaka magotini. Huku wanafungiwa mlango, kule mbwa anawatoa mbio. Jioni wanarudi wanacheka.

Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na kupiga simu kwao. Wakimaliza simu, unasikia mtu anapenga kamasi.

"Hawa hawana wachumba?" nilimuuliza Eliakimu.

"Wameacha kila kitu kwao. Mwaka na nusu," akajibu.

Nikamwangalia. Yeye kajuaje?

Kumbe aliwatengenezea meza. Kwenye meza ndipo maneno yalipoanzia.

Dada zangu, mume akianza kubadilika mwanamke anajua. Eliakimu aliacha pombe ya ndizi. Nikasema afadhali. Akaacha kahawa ya kijiweni. Nikasema haya. Siku moja nimemmiminia chai, ile chai yangu ya tangawizi, akasogeza kikombe pembeni kwa adabu, kama vile mgeni aliyeshiba.

"Siku hizi sinywi, mama Leonia."

"Nani kakukataza?"

"Akina Dada wanasema si nzuri kwetu."

*Kwetu.* Yeye na nani? Halafu akaanza kupiga pasi shati. Fundi seremala, shati la pasi! Nikasema hapa kuna Mzungu kanizidi kete.

Nikamvizia. Siku moja nikaacha biashara mchana, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani, beseni la samaki mapajani. Nikawakuta akina Dada wamekaa nje, kwenye gogo, jua linawachoma, Dada Larsen mwekundu mpaka masikioni. Eliakimu yuko ndani peke yake, kavaa lile shati.

"Mmetoka ndani sasa hivi, eeh?" nikawawakia.

Dada Mbabazi akasimama. "Shikamoo, mama Leonia. Hatujaingia. Tunakusubiri wewe."

"Mnisubiri mimi kwa lipi?"

"Haturuhusiwi kuingia kwa mwanamume kama hakuna mwanamke mwingine. Ni sheria yetu. Tumekaa tangu asubuhi."

Nikachungulia ndani. Eliakimu akanipungia mkono. Aibu niliyoipata, na mdomo wangu wote huu!

Ikabidi niwakaribishe. Tangu siku ile nikawa mlinzi wa mafundisho, nachambua mboga huku nasikiliza.

Na niseme kweli, walinikamata moyo. Wiki moja dagaa waliingia kwa wingi mno, mimi mgongo unaniuma, wakaja Kibirizi kunisaidia kuanika. Dada Larsen harufu ilikuwa inamshinda, machozi yanamtoka, lakini anatandaza tu. Wanawake wenzangu walikufa kwa kicheko.

"Mzungu, rudi kwenu ukaolewe!" wakamtania.

"Bado, mama," anajibu, "kwanza dagaa."

Joto lilipokaba, watoto wakawa wanajirusha ziwani. Dada Larsen akavua viatu, akasimama maji yanapoishia, akaganda pale anawaangalia.

"Si uingie?" nikamwambia.

"Haturuhusiwi kuogelea mpaka tumalize misheni."

"Na joto hili?"

"Kwetu nilikuwa bingwa wa shule, mama Leonia."

Nilimwonea huruma. Nikasema huyu si mwizi wa waume, huyu ni mtoto wa watu tu kajifunga mwenyewe. Wivu ukanitoka wote.

Ungejua.

Jioni moja wakaja na somo jipya. Wakatuonyesha kwenye simu picha ya hekalu, jeupe, zuri. Dada Larsen akasema kwao ndoa haiishi mtu akifa. Mume na mke wanaunganishwa hekaluni, wanakuwa wa milele.

Nilifurahi, sifichi. Nikamgeukia Eliakimu nione kama atanitazama. Mtu kanizalisha watoto wawili, leo anaambiwa atakuwa na mimi milele, angalau atabasamu.

Alikuwa anaangalia sakafu.

"Dada," akasema taratibu, "na aliyekwisha kufa je?"

Dada Larsen uso ukamwaka kwa furaha. "Hata aliyekufa! Mtu aliye hai anasimama kwa niaba yake, wanaunganishwa!"

Nikaona Dada Mbabazi anamkanyaga mguu chini ya meza. Kachelewa.

Eliakimu machozi yakamtoka. Mwanamume ambaye hata alipomzika baba yake sikumwona akilia.

"Sawa," nikasema. "Na mimi?"

"Na wewe pia, mama Leonia!"

"Sote wawili?"

Dada Larsen akamtazama mwenzake.

"Mume mmoja, wake wawili?"

Dada Mbabazi akaizima simu yenye hekalu.

"Milele?"

Dada Larsen ndipo akili ikamrudia. Rangi ilimtoka yote.

Kimenuka! Niliruka pale juu. "Mimi sikuolewa kwa watu wa mitara! Leo mnaniletea mke mwenza kutoka makaburini? Tena mwenzenu hata sina pa kumkuta nikamchamba! Tokeni!"

Wakatoka. Dada Larsen alikuwa analia mpaka anajigonga mlangoni.

Wivu kwa mtu aliye hai una ahueni yake. Unamwona, unajua huyu kanizidi nyonga ila mimi namzidi mapishi, maisha yanaenda. Marehemu utamshinda kwa nini? Marehemu hazeeki. Marehemu hanuki samaki. Marehemu hajawahi kumuuliza mtu hela ya unga. Merina alikufa binti mbichi na atabaki hivyo hivyo, mimi kila siku jua la Kibirizi linanichakaza.

Nilishindwa kula. Nikilala namwona kati yetu. Nikawa najiuliza, hivi mimi nilipokuwa naitwa mke, nilikuwa nashika zamu tu ya mtu?

Siku moja nikasema leo ndo leo, nikaenda makaburini mchana kweupe. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima.

Nikafika, maneno yakaniishia. Kaburi la Merina lilikuwa limefyekwa, limesakafiwa upya, msalaba wa mninga umepigwa vanishi mpaka unang'aa. Mkono wa fundi ule ninaujua. Mlango wa jiko langu una mwaka mzima umening'inia kwa bawaba moja, kila nikisema ananiambia kesho.

Mana yanje, Mungu wangu! Niliumia siku ile.

Niliporudi nikawakuta akina Dada nje, wawili, wamesimama. Hata kwenye gogo hawakukaa.

"Tumekuja kuomba msamaha," Dada Mbabazi akasema. "Tuliongea kama watoto."

Nikashika mlango, nataka kuwapita.

"Mama yangu alifariki nikiwa mdogo," akaendelea. "Baba akaoa. Mimi nimekuja huku nawaza siku baba ataunganishwa na mama yangu. Tangu utufukuze namfikiria mama wa kambo. Yeye ndiye anayepokea simu yangu kila Jumatatu, ananiuliza kama nimekula. Sijawahi kuwaza yeye anajisikiaje."

Ikanigusa. Nikawaambia, "Ingieni. Leo huyu bwana aniambie mbele yenu."

Eliakimu akaja na randa mkononi, hajui hili wala lile. Nikamwambia akae.

"Baba Leonia, mimi sitaki kelele. Nataka kujua. Merina alikuwa na nini ambacho mimi sina?"

Akawa anakwangua maranda kwenye kucha. Halafu hakunijibu mimi. Akamgeukia Dada Larsen.

"Dada, kuna jambo sikukuuliza siku ile. Kama mwanamke alikuwa na mume mwingine kabla yangu, yule mume akafa, huko mbele atakuwa wa nani?"

Sote tukatazamana.

"Mume gani?" nikauliza.

"Emmanueli," akasema. Alilitamka lile jina kama anatema mwiba. "Mbembe wa Baraka, kule kule Kongo. Alizama ziwani, ndipo Merina akavuka kuja huku. Nilimpenda, nikamuoa. Lakini kila jioni alikuwa anatoka kwenda kuangalia ng'ambo. Alipougua nikamuuguza mimi, nikamwogesha mimi. Siku ya mwisho akafumbua macho, akaniita Emmanueli."

Akaiweka randa chini.

"Sasa wamekaa huko wawili miaka yote hii, mimi niko hapa naranda mbao. Nisipomuwahi hekaluni, si atakuwa wa yule moja kwa moja?"

Mnaelewa nilichokisikia? Mimi nakonda kwa wivu juu ya Merina. Merina wala hana habari na sisi, alikufa na mtu wake moyoni. Na huyu wangu ana wivu na mwanamume aliyezama ziwani hata kabla sijamjua!

Dada Larsen, maskini, kapewa mtihani ambao mabingwa wenyewe wangeomba maji. Alisema tu, "Baba Leonia, sijui. Mungu anajua." Nilimheshimu kwa hilo.

Nilitaka kucheka, kweli. Kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Halafu likanijia swali, bora lisingekuja.

"Baba Leonia. Mimi umewahi kunionea wivu?"

Akashangaa. "Wewe?"

"Mimi. Natoka alfajiri, nashinda mwaloni na wanaume, wavuvi wa kila kabila, wengine wananiita mchumba. Umewahi hata siku moja kukosa usingizi?"

Akatabasamu, jamani, akatabasamu vizuri kabisa, kama mtu anayenipa zawadi.

"Wewe sina wasiwasi na wewe hata kidogo, mama Leonia."

Dada Mbabazi akainamisha kichwa. Alielewa. Yule wa Marekani akaelewa. Mtu pekee ambaye hakuelewa mle ndani ni mume wangu.

Basi. Eliakimu alibatizwa ziwani, wamisionari wawili vijana wenye mashati meupe walikuja kumzamisha, mimi nikasimama nchi kavu na taulo lake. Hekalu liko mbali, nje ya nchi, na kuna kungojea, kwa hiyo bado anangojea. Akina Dada walihamishiwa mji mwingine. Tuliagana tukilia, maana hawakuwa na kosa. Walileta habari njema, ila iliyoingia nyumba yangu ilikuwa njema kwa mwingine.

Juzi nikamjaribu. Nikavaa gauni la kubana, nikajipulizia manukato, nikapaka na wanja.

"Baba Leonia, naenda harusini Ujiji. Sijui narudi saa ngapi. Nimepata mtu wa kunipa lifti."

Hakuinua hata macho kwenye randa. "Haya. Ukipita dukani niletee misumari."

Sikwenda harusini. Hakukuwa na harusi.

Wanawake wenzangu mnaosoma hapa, acheni kukagua simu za waume zenu. Mtu anaweza kucheka na mia akalala kwako, hiyo si shida. Angalia anaumia kwa ajili ya nani, anaogopa nani asichukuliwe. Ukikuta siye wewe, basi umeshajua unachoishi nacho, na uamuzi ni wako.

Mimi nimebaki. Ana roho nzuri na watoto wanampenda. Ila namwonea Merina wivu mpaka leo, kwa sababu yeye alipendwa na mtu akakosa usingizi, na mimi naaminiwa.