Katuni za Dada Ukutani

Enzi zetu, zama za ruksa, gazeti la katuni lilifika Ilongero juu ya lori la alizeti, limeshasomwa na Singida mjini nzima, na bado tulilinusa kama mkate wa moto. Magazeti yote yalikuwa ya dada yangu Mwajuma. Sanduku lake la bati lilijaa hivi kwamba ukikohoa karibu nalo, kurasa zinapeperuka hadi Manyoni. Jioni alitusomea uani tukitafuna karanga, akimtafsiria bibi kwa Kinyaturu, na bibi alicheka hata kabla ya kichekesho. Ukurasa mmoja kila jioni, basi. Mwenyewe hakuwahi kuchungulia wa mbele.

Tuliyempenda kuliko wote ni msichana dereva wa lori. Katika toleo la mwisho breki zilimkatikia mteremko wa Sekenke. Ukabaki ukurasa mmoja.

Kesho yake mama alipata habari za wageni. Wageni hawaketishwi kwenye udongo mtupu, kwa hiyo alikoroga uji mzito, akafungua sanduku, akabandika katuni ukutani kuanzia mlangoni hadi darini. Lori tuliliona, linaning'inia mteremkoni. Mwisho wake uligandishwa upande wa udongo.

Dada alirudi kutoka shule akakuta kuta zinapendeza. Alipoanza kulia, mama alimwambia, "Nyamaza mwanangu. Ni wageni wako."

Ndivyo alivyojua kuwa anaolewa. Walimchukua hadi Rungwa, na kuniaga kwake kulikuwa huku: "Ukiupata upande wa pili, uniambie kama alipona."

Leo mimi, msomi wa shule ya jioni, nina kompyuta chakavu niliyoigeuza seva, chini ya kabati la vyombo, inanguruma kushinda mashine ya kusaga. Katuni nilizookoteza kwa wauza vitabu vikuukuu nimezipiga picha zote, nikazipanga kwa majina na matoleo. Kwa kazi hiyo mwenye digrii angeomba likizo. Wanangu wangeweza kuzisoma kwenye simu kwa waifai ya nyumbani, bila hata kuinuka. Waifai hiyo hiyo wanaitumia kutazama wakata viuno.

Juzi nilimpata dereva wetu. Alipona, lori lilikwama kwenye kichuguu. Nilimpigia dada papo hapo, nikamsomea kwa mbwembwe zote. Kwenye simu nikasikia kuku wake.

"Dereva gani, mdogo wangu?"

Nikamtajia breki, Sekenke, ukuta. Alisema kwa upole kwamba anachokumbuka ni ule uji tu, ulivyonuka siku ile.

Enzi zetu ukurasa ulikuwa na upande mmoja, na nyumba nzima ikiusubiri wa pili. Sasa ninazo pande zote mbili, nimekaa nazo sebuleni peke yangu.