Washa-Zima na Mtalaka Wake

Pale kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga, fundi wa kompyuta aliitwa Dada Washa-Zima, na jina hilo lilikuwa uonevu mtupu. Hakuna kitu alichokichukia kama kuzima mashine na kuiwasha ili tatizo liondoke. "Ukiizima umemfukuza shahidi," alikuwa akisema. "Kwanza niambie ilisema nini kabla ya kukata roho." Jina lilimganda kwa sababu siku yake ya kwanza kazini printa ya watu wa mauzo iligoma, akaizima, akaiwasha, ikachapa. Watu wa mauzo hawakuwahi kumwona akifanya kitu kingine tangu hapo, wala hawakutaka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, mdomo hauna breki. Chumba chake kilikuwa kati ya ukumbi wa mashine za kutotolea na stoo ya trei, nacho kilinuka manyoya na dawa ya kuua vijidudu. Humo alikaa na seva yake, kompyuta kubwa inayoendeshwa na mfumo wa ukoo wa Unix, ule wanaoupenda mafundi. Kazi ya seva ilikuwa kuzunguka kwenye mtandao ikiuliza kila mashine ya kutotolea: joto lako likoje, unyevu wako ukoje? Ikikosa jibu, king'ora kinalia ukumbi mzima, na wafanyakazi wanakimbia kusoma vipimajoto kwa macho kama mababu zao.

Tatizo likitokea, Washa-Zima alifungua logi, yaani yale maelezo ambayo mashine hujiandikia yenyewe kila inapofanya au kufanyiwa jambo, akayasoma huku akiongea nayo. "Saa saba ulikuwa mzima. Saa saba na nusu umeanza kulalamika. Nani kakugusa hapo katikati? Usinidanganye, nakuona."

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikuwa fundi wa nyaya za mtandao, mrefu, mtanashati, koleo na bisibisi zikigongana kiunoni kila anapopiga hatua, na kila mtu alimwita Fundi Waya. Ukimuuliza Washa-Zima kwa nini waliachana, atakwambia yule bwana hajawahi kumaliza kazi hata moja tangu azaliwe. Ukimuuliza Fundi Waya, atakwambia, "Yule ananisoma kama logi. Nikichelewa kurudi anataka saa, dakika na mlango niliopitia." Waliachana kwa amani, kwa maana ya kwamba hakuna aliyevunja sahani. Bahati mbaya ni kwamba nyaya zote za kiwanda alizitandaza Fundi Waya, na kuzitengeneza kulibaki kuwa kazi yake.

Jumatatu moja baada ya chakula cha mchana, king'ora kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Meneja aliingia chumbani na koti jeupe na buti za mpira, jasho linamtoka.

"Izime uiwashe!"

"Izime wewe," Washa-Zima alimjibu bila kugeuka, "halafu ukawaeleze vifaranga."

Logi ilikuwa imejaa mistari miwili tu inayorudiwa. Kadi ya mtandao, sehemu ya seva inapochomekwa waya, ilikuwa ikisema: kiungo kimekatika, kiungo kimerudi, kimekatika, kimerudi. Washa-Zima alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. Kiungo ni waya, na waya ulikuwa na mwenyewe.

"Mwiteni yule bwana."

Fundi Waya alikuja na kijiti mdomoni. Hakuangalia waya. Alimwangalia aliyekuwa mkewe. "Nasikia Jumamosi umeweka kerneli mpya."

Ilikuwa kweli. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, kinachoviamrisha vifaa vyote, kuanzia diski mpaka hiyo kadi ya mtandao, na Jumamosi alikuwa ameibadilisha akaweka toleo jipya, lililoanza kazi asubuhi hiyo ya Jumatatu.

"Kwa hiyo," Fundi Waya aliendelea, "mgonjwa kafanyiwa upasuaji wa moyo Jumamosi, Jumatatu anaanguka, na wewe unamkamata mshona viatu."

"Waya wako umechoka."

"Waya wangu uko pale miaka yote. Kerneli yako ina siku ngapi?"

Washa-Zima hakuwa mtu wa kuachiwa neno la mwisho. Aliirudisha ile kerneli ya zamani ili amwonyeshe. Ili kufanya hivyo ilimbidi azime seva na kuiwasha, na wapakiaji waliokuwa wamejazana mlangoni wakashangilia, "Haya, washa-zima!" Seva iliamka na kerneli ya zamani, wote wakangoja. King'ora kikalia.

"Umeona?" alisema. "Kerneli haina hatia." Akairudisha ile mpya kwa madaha.

Fundi Waya alitoka akarudi na waya mpya ung'aao, akautandaza sakafuni kutoka kwenye seva mpaka kwenye swichi ya ukumbini, mahali nyaya zote zinapokutana, akauchomeka. Wakangoja. King'ora kikalia.

"Umeona?" naye alisema. "Waya hauna hatia." Akauchomoa, akarudisha ule wa zamani mahali pake.

Walibadilisha tundu kwenye swichi. King'ora. Walitoa kadi ya mtandao, wakaweka ya akiba, pacha wa ile ya kwanza. King'ora. Meneja aliuliza kwa sauti ya chini kama isingefaa kumwita mtu aje kuombea chumba. Washa-Zima alimwambia amwite, ila aje na kadi ya mtandao ya aina nyingine.

Katikati ya hayo simu ya Washa-Zima iliita, akaiweka kwenye spika maana mikono ilikuwa na kazi. Alikuwa mama mkwe wake wa zamani, ambaye hakuwahi kuitambua ile talaka. Msimamo wake ulikuwa kwamba wameachana wao wawili, yeye hakuulizwa.

"Mwanangu, mbona unapumua hivyo?"

"Niko kazini, mama. Niko na mwanao."

"Mnagombana?"

"Hapana," walijibu wote wawili.

"Nani kakosea?"

"Yeye!" walijibu wote wawili.

"Basi mwambie huyo akimaliza aje atoe ngazi yake barazani kwangu. Alisema anaiweka kwa muda tu. Kuku wanalala juu yake." Akakata.

Fundi Waya alijifanya anakagua dari. Lile "Yeye!" la wote wawili kwa pamoja likaanza kumwasha Washa-Zima kichwani.

"Hebu ngoja. Niliporudisha kerneli ya zamani, waya ulikuwa upi?"

"Huu wa zamani."

"Na wewe ulipoweka waya mpya, kerneli ilikuwa ipi?"

"Hiyo mpya ya..." Fundi Waya alikitoa kijiti mdomoni. "Toba."

Hawakuwa wamewahi kubadilisha vyote viwili kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa amekimbilia kujisafisha, akijaribu upande wake huku uchafu wa mwenzake ukiwa palepale. Washa-Zima aliamsha kerneli ya zamani, Fundi Waya akachomeka waya mpya. Wakangoja. Wakangoja zaidi. Ukumbini kulisikika feni tu na vifaranga waliokuwa wakitoka kwenye maganda, wakipiga kelele zao ndogo.

Hapo ndipo walipoanza kufanya kazi kama watu wenye akili. Waliweka kerneli mpya na waya mpya, Washa-Zima akaikodolea logi macho. Kumbe kiungo kilikatika kila mtandao ulipotulia: toleo jipya lilikuwa na mazoea ya kuilaza kadi usingizi ili kuokoa umeme, na kadi ikilala ilikuwa nzito kuamka. Aliandika mstari mmoja kwenye mipangilio kuikataza kulala, akaongeza tusi dogo chini yake kama maelezo.

Kisha waliufuata waya wa zamani hatua kwa hatua, mpaka kwenye kizingiti cha ukumbi, ambako ulikuwa umepitishwa chini ya mkeka wa mpira. Fundi Waya aliufunua mkeka. Waya ulikuwa bapa kama ulimi.

"Nilipanga kuupitisha kwenye bomba ukutani," alisema. "Hapo ilikuwa kwa muda tu."

"Kwa muda," Washa-Zima alirudia. "Kama ngazi."

"Lakini ulikuwa unafanya kazi! Mbona umekufa leo?"

Kabla Fundi Waya hajajibiwa, kitoroli cha trei kilipita juu ya kizingiti kwa kishindo. Magurudumu yalikuwa ya chuma. Vitoroli vya zamani vilikuwa na magurudumu ya mpira. Hivi vipya vilikuwa vimeletwa Jumamosi ileile na kuanza kazi siku hiyo, chaguo la meneja mwenyewe, kwa sababu vilionekana imara.

Meneja alifika akitaka jina. "Nani kasababisha? Niandike mtu mmoja."

Mafundi waliangalia vitoroli. Kisha wakamwangalia meneja, kwa heshima zote. Meneja akaviangalia naye, akasema kwamba la muhimu ni ushirikiano, akaondoka na buti zake.

Kesho yake Fundi Waya alirudi na bomba, akalipigilia ukutani kutoka mwanzo mpaka mwisho, na Washa-Zima alimsimamia huku akilitikisa kila kipande kilipokwisha. Alikuwa amewaandikia waandishi wa kerneli kuwalalamikia kuhusu kadi inayosinzia, barua ndefu yenye ushahidi wote, na walikuwa wamemjibu kwa kifupi kwamba jambo hilo lilisharekebishwa kwenye toleo linalofuata, asante. Alimsomea Fundi Waya jibu hilo kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, na Fundi Waya akacheka mpaka misumari ikamdondoka mkononi.

"Unajua," alisema akiinama kuiokota, "kazini tunafaana."

"Kazini," alikubali Washa-Zima. Aliona furaha fulani ambayo hakuwa na mpango wa kuitangaza. "Usizidishe. Na hiyo kona hapo juu haijakazwa."