Betri Zilizorudishwa Turwa

Cheti cha ununuzi Wegesa anacho, lakini kazi yenyewe alijifunzia kwenye boma la baba yake. Mzee Nyamhanga alikuwa akiitwa kila ng'ombe wa mahari wanapokaguliwa. Upande wa kijana ulizoea kutanguliza madume wanaong'aa, naye hakuwatazama hata kidogo. "Nileteeni yule wa nyuma," alisema. Yule wa nyuma akichechemea, alirudishwa kwao mchana kweupe, kijiji kizima kikiona.

Hivyo ndivyo Wegesa alivyonunua paneli, nyaya na betri kwa miaka tisa, katika kampuni moja ya umeme wa jua yenye ofisi Turwa. Wauzaji walimtania kwamba anakagua betri kama anayetafuta mkwe. Walicheka, lakini vitu vibovu walivipeleka kwingine.

Kisha ikaja kazi ya zahanati huko Mbalibali, betri nane. Ya juu ilikuwa safi. Wegesa akavuta ya chini kabisa, akaichaji hadi ikajaa, akaifungia taa moja. Taa ilizimika kabla chai yake haijapoa. Kwenye fomu ya kupokelea mzigo akaandika kwa herufi kubwa: ZIMEKATALIWA.

"Uzinduzi ni Alhamisi na wageni wameshaalikwa," alisema Chrispin, meneja wake. "Siku hiyo zitawaka, au sivyo?"

"Siku hiyo zitawaka, bosi. Kesho yake je?"

"Basi. Nimekuelewa."

Alikuwa hajaelewa, au alielewa vizuri sana. Alijaza fomu nyingine ya kuzikubali, betri zikaenda. Wegesa alibaki na kopi yake kwenye droo, akajiambia mikono yake ni safi. Alijidanganya. Baba yake asingekaa na karatasi huku ng'ombe mbovu anaingia bomani kwa watu.

Mwezi wa nne baada ya uzinduzi, simu ikaita.

"Wewe ndiye Wegesa? Mimi Efrazia, mkunga wa Mbalibali. Jana nimemshona mzazi nimeng'ata simu yenye tochi mdomoni. Jina lako na namba yako vimebandikwa hapa kwenye sanduku la betri. Kwa nini umetufanyia hivi, dada?"

Wegesa akaelewa mara moja. Chrispin alikuwa amewauzia wagonjwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe akaliandika jina la Wegesa, kwa sababu alijua ndilo jina ambalo watu wa huku wanaliamini. Hasira ilimpanda.

Hakwenda kumuuliza Chrispin. Alikodi pikapu hadi Mbalibali, akamwomba Efrazia radhi bila kujitetea, na wote wawili wakazifungua betri, mmoja akishika spana na mwingine akivuta nyaya.

Kesho yake saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamejaa ofisini Turwa, alizipanga moja moja mlangoni kwa Chrispin. Mbovu kuliko zote akaiweka mbele.

Chrispin alitoka. "Wegesa, unataka kunidhalilisha mbele za watu?"

"Ndiyo."

Wegesa akafungua droo yake, akatoa ile kopi iliyoandikwa ZIMEKATALIWA, akaiweka juu ya betri ya kwanza pamoja na fomu mpya na kalamu.

"Hii ni ya kupokelea mzigo," alisema. "Hesabu, halafu saini. Jina lako safari hii."

Wateja walisogea, wakamsubiri Chrispin aanze kuhesabu.