Kibao cha Hatari Chenye Jina la Kambere

Kumepambazuka, ila jua bado liko nyuma ya milima ya Rwanda. Ukungu umelalia maturubai ya kambi ya wakimbizi wa vita, magharibi mwa mji wa Goma, na wenye usingizi wao bado wanaufaidi. Kahindo Micheline anatembea ameinama kati ya mawe meusi ya volkano. Ameshika fimbo yenye kisanduku mwishoni, na kisanduku hicho anakipitisha karibu kabisa na ardhi. Asiyemjua angedhani amedondosha sindano.

Kisanduku kinalia. Taa yake ya kijani inageuka nyekundu. Kahindo anasimama wima upesi, anavuta pumzi, kisha anapiga makofi mbele ya kibanda kilicho jirani.

"Hodi, mama! Mutoto asilale chini! Hii fasi imekuwa mubaya tena!"

"Tunatoka, mama Élisa, tunatoka," anajibu mwanamke kutoka ndani, na punde anachomoza na watoto wawili wanaofikicha macho.

Adui anayewaamsha anaitwa mazuku. Ni hewa ya ukaa inayopenya kutoka chini ya ardhi ya volkano na kujikusanya mabondeni, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma. Haina rangi. Kwa kuwa ni nzito, hukaa chini; mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto aliyelala mkekani miguuni pake akawa anakosa pumzi. Ndiyo maana Kahindo hupima akiwa ameinama.

Kisanduku kilibuniwa na watafiti wa taasisi moja ndogo yenye ofisi yake mtaa wa Himbi. Kinatumia betri ya kuchajiwa kwa jua, na kila kinapolia, mahali hapo huingizwa kwenye ramani. Kwa ramani hiyo hema la darasa la watoto wadogo lilihamishwa, zahanati ya kambi ikajengwa juu kidogo, na akina mama wakaonyeshwa njia salama ya kwenda kuchota maji asubuhi.

"Sisi tulitengeneza mashini, lakini mashini haipige hodi," anasema Émile, fundi wa taasisi hiyo. "Kama si hawa bamama, ingekuwa imelala huko Himbi."

Kahindo, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hulipwa faranga elfu tano kwa siku ya kazi. Zinatosha unga, mkaa, na maharagwe ya kununua. Hayo maharagwe ya kununua ndiyo yanayomchoma, maana kwao yeye ndiye aliyekuwa muuzaji.

Kwao ni Kiwanja, mji mdogo kaskazini mwa Goma. Alikuwa na meza yake ya maharagwe sokoni, na mumewe, Kambere, alikuwa akienda Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kuchukua samaki wa chumvi. Siku vita ilipoingia Kiwanja, Kambere alikuwa huko ziwani. Kahindo alimfunga mgongoni binti yao, Élisabeth, ambaye majirani humwita Élisa, akaingia kwenye msururu wa watu waliokuwa wakielekea Goma.

"Kila mutu alikuwa anaita mutu wake," anasimulia. "Na mi niliita Kambere mupaka sauti ikakauka. Nilijua hayuko hapo, lakini niliita tu."

Simu ya mumewe haijapatikana tangu siku hiyo. Neno moja tu ndilo lililomfikia, tena kwa bahati. Viateur, mwendesha pikipiki anayewafahamu wote wawili, alimwona Kahindo kambini, kisha safari zake zikamkutanisha na Kambere upande wa Vitshumbi. Alimweleza Kambere mahali mkewe alipo: bondeni, chini ya jiwe kubwa lililopasuka katikati. Kambere alimpa jibu la kupeleka.

"Umwambie asihame," Viateur anakumbuka maneno yake. "Barabara ikifunguka, nitakuja pale pale."

Kahindo aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, maana tangu hapo Viateur hajaweza kufika tena upande ule. Usiku alikuwa akiyarudia kama sala, na hadi leo akiyataja macho yake hutafuta barabara. Anamtamani mumewe, na hafichi. Anatamani hata ile harufu ya samaki kwenye koti lake, ambayo zamani ilikuwa inawagombanisha.

Tatizo lilikuwa ni bonde lenyewe. Alilichagua kwa akili ya Kiwanja. Kule mtu akijenga hutafuta mahali ambapo upepo hautamsumbua jikoni, na bonde hili lilikuwa tulivu, hata majani yake ni mabichi. Nani angekataa? Lakini usiku kibatari chake akikiweka chini kilikuwa kinazimika chenyewe. Akikiinua na kukiwasha tena, kinawaka vizuri. Kahindo hakusema ni ardhi. Alisema ni muuza mafuta ya taa.

"Nilimutukana mbele ya watu," anakiri, akiziba mdomo kwa kitenge. "Nikasema, Mukagasana, unatuuzia maji!"

Mukagasana, ambaye bado anauza mafuta kwenye njia ya kuingilia kambini, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Nilichukua chupa yake, nikamwaga kidogo juu ya jiwe, nikawasha. Moto ukapanda! Akaondoka bila kuaga."

Watafiti walipofika kambini na kuuliza nani ameona moto ukizimika ovyo, Mukagasana ndiye aliyemnyooshea kidole Kahindo. Walipima bonde lake mchana, upepo ukivuma, na taa ikabaki ya kijani. Émile akasema lazima papimwe tena alfajiri. Wakamfundisha Kahindo kazi, wakamwachia kisanduku.

Mganga hajigangi. Kahindo alipima vibanda vya wenzake kila alfajiri. Chake alikipima mchana.

"Nilikuwa natafuta ile saa ambayo kisanduku kitanyamaza," anasema. "Niliweka kitanda cha mutoto juu ya kreti za bia, nikajiambia sasa iko sawa. Nilikuwa naogopa. Nikihama, Kambere akuje akute bonde tupu, atasema tumekufa. Atarudi na kilio."

Aliyemwamsha ni jirani yake, Uwizeye, mama wa watoto watano kutoka Masisi. Alfajiri moja Kahindo alikwenda kumwambia avunje kibanda chake. Uwizeye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunga kitenge upya.

"Nitavunja," alimwambia. "Lakini kwanza tupeleke hicho kisanduku kwako. Saa hii."

Walikwenda pamoja. Kahindo alisukuma turubai la mlango, akashusha fimbo, na kisanduku kikaanza kulia. Akakipandisha taratibu kuelekea kitandani. Kiliendelea kulia mpaka usawa wa kreti, mpaka usawa wa godoro. Alikitupa, akamnyakua Élisabeth na kukimbia naye juu kwenye mawe. Mtoto aliamka kwa uzito, akasema kichwa kinamuuma.

"Kila asubuhi alikuwa ananiambia hivyo," anasema Kahindo. "Na mi nilikuwa nasema ni njaa."

Walihama siku hiyo hiyo. Uwizeye alibeba mafiga, Kahindo akabeba mtoto na turubai. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na yake ilikaribia kuumiza zaidi ya tumbo.

Jioni Émile alikuja kusimika kibao cha hatari pale bondeni: ubao mweupe, fuvu jekundu. Kahindo alimwomba brashi aandike jina la mumewe. Émile akamwambia kibao cha hatari hakiandikwi majina ya watu. Kahindo akaeleza kwa nini anaiomba. Fundi akampa brashi na kumshikia kopo la rangi.

Leo, karibu kila kibao cha hatari katika kambi hii kina jina. Wengine wamemwandikia mama, wengine kaka, kila jina na mshale wa kuonyesha familia ilikohamia. Taasisi imeviacha. Inasema watu hawang'oi tena vibao kwa ajili ya kuni kama walivyokuwa wakifanya zamani.

Mipango Kahindo anayo. Hivi karibuni ataanza kwenda Himbi kujifunza kutengeneza visanduku vinavyoharibika. Siku barabara itakapofunguka anataka kurudi Kiwanja, meza yake na maharagwe yake, Kambere akiwa mbele na mzigo.

Mvua za hapa hazina huruma kwa rangi, kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa hupitia bondeni na kopo lake. Leo jua limeshapanda na upepo unavuma, kisanduku kimenyamaza. Anajinyoosha juu ya vidole vya miguu na kuyapitishia brashi maandishi yake tena: *Kambere, tuko huku juu. Wote wawili.* Maandishi yako juu kabisa ya ubao, juu ya fuvu, na mkono wake unayafikia kwa shida. Anaulizwa kwa nini hakuandika chini, mahali rahisi.

"Kambere hajue kusoma mbio," anajibu. "Atasimama pale, herufi kwa herufi. Sitaki ainame."