Nilionja Shahada, Kisha Nikamzulia Papa Amisi

Kosa ni langu. Naanza hapo, maana nikianza na rafiki yangu Espoir nitamaliza karatasi yote nikimlaani, nanyi mtadhani mimi ni mwanakondoo. Siyo! Espoir alinisaliti mara mbili, lakini ulimi uliosema uongo ulikuwa kinywani mwangu.

Mimi ni mtoto wa milima ya Masisi, upande wa Lushebere. Mama yangu ana ng'ombe wachache na anauza maziwa. Shule niliiacha kabla ya kumaliza ya msingi. Miguu yangu haikukubali kukaa. Nimelima maharage ya watu Kashuga, nimechunga, nimebeba mizigo, nimeosha pikipiki. Kila ninapofika nauliza maswali mpaka watu wanataka kujua nani amenituma.

Ndivyo nilivyofika Walikale, kwenye joto la msitu, nikapewa chumba katika ua wa Papa Amisi, mzee Mwislamu anayeuza mafuta ya mawese. Nilikuwa bado mgeni homa ikaniangusha. Mke wake, Mama Zaina, ndiye aliyenipikia uji na kunifulia shuka nilizotapikia. Hakuniuliza ninasali wapi. Jamani! Hao ndio watu niliowafanyia haya ninayowaambia.

Nilipopona, macho yangu yakaanza udadisi wake.

Mama yangu anaomba amefumba macho, kwa sauti, akitaja majirani mmoja mmoja na ng'ombe anayeumwa kiwele. Maombi yake ya leo hayafanani na ya jana. Papa Amisi yeye alinawa kwanza, mikono, kinywa, pua, uso, mpaka miguu, kisha akasimama kwenye mkeka, akainama, akaweka paji la uso chini. Mara tano kwa siku, kwa maneno ya Kiarabu ambayo Mwislamu wa nchi yoyote anayatambua.

"Papa, na ng'ombe mwenye kuugua munamuombea saa ngapi?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Tukimaliza swala tunainua mikono, tunaomba dua. Pale unaweza kuombea hata kuku! Weye unafikiri Mungu hasikii Kiswahili yetu?"

Kufunga pia nilikuchunguza. Kwetu kufunga kunakuja na shida. Vita ikikaribia, pasta anatangaza maombi ya kufunga, na anayeweza anafunga. (Mimi nilishafunga huku nikinywa maziwa nyuma ya zizi!) Kwao mwezi wa Ramadhani ukionekana, ua mzima unafunga, shida iwepo isiwepo, na jua likizama wanakula pamoja. Nilifunga nao, nijue tu kunafananaje. Mama Zaina akanitania: "Yesu yako alifunga siku makumi ine, na weye saa sita tu umeanza kuchungulia sufuria!"

Kwetu tunapeleka fungu la kumi mbele ya madhabahu, hata kama ni mfuko wa maharage. Kwao zaka inamhusu mwenye mali iliyokaa mwaka mzima, na inaenda kwa maskini wao. Lakini mbali na zaka, nilimwona Papa Amisi akimpimia mafuta mjane wa jirani, na mjane yule ni mlokole kabisa. Hija ya Makka hakuwahi kuifanya. Aliizungumzia kama sisi tunavyoimba Yerusalemu, ila kwao ni wajibu kwa mwenye uwezo, wakati kwetu hakuna anayekuuliza Yerusalemu utaenda lini.

Nilipofika kwenye habari ya Yesu hakuzungukazunguka.

"Isa ni nabii mukubwa, tunamupenda. Lakini hatusemi ni Mwana wa Mungu. Pale njo njia zinaachana. Mimi sikudanganye, na weye usijidanganye."

Mtu aliyesema hivyo! Kumbukeni maneno yake.

Sasa sikilizeni nilivyopotea. Kwetu mtu haingii kanisani kwa mdomo tu. Unafundishwa miezi, wazee wanakuuliza maswali, ndipo unazamishwa mtoni, maji baridi mpaka meno yanagongana. Kuinua mkono mbele ya mhubiri si kitu. Mimi niliinua mkono kwa kila mhubiri aliyepita Masisi, na hakuna aliyenifuata nyumbani. Kwa hiyo niliposikia kwamba mtu anaingia Uislamu kwa kutamka shahada, kichwani mwangu niliiweka pamoja na kuinua mkono. Nilidhani mto uko mbele bado. Kumbe maneno yale njo mto wenyewe!

Siku hizo Espoir alikuwa amekuja Walikale. Espoir ni mtoto wa jirani yetu, tulichunga pamoja, sasa ni motari, anabeba watu na mizigo kati ya Masisi na Walikale. Mama alimwomba anirudishe nyumbani, nami nikakataa. Ijumaa moja alinipeleka msikitini kwa pikipiki. Nilizoea kukaa nyuma kabisa, kusikiliza.

Baada ya swala shehe akaniita kwa upole. "Kijana, tunakuona kila Ijumaa. Moyo wako unasema nini?"

Papa Amisi aliniinamia sikioni. "Kama hauko tayari, nyamaza. Hakuna mwenye atakukasirikia."

Mlangoni Espoir alikuwa ananikonyeza, telefone mkononi. Aliniambia tangu njiani: "Jaribu, kaka! Ni kupima tu. Nitakupiga foto."

Nikajaribu. Nilimfuata shehe neno kwa neno, kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu, na Muhammad ni mtume wake. Msikiti ukalipuka kwa takbira! Wazee wakanikumbatia. Papa Amisi alifuta machozi akaniita Yunusi, "yule Yona wenu, mwenye alikimbiakimbia kama weye". Nilicheka pamoja nao. Nikauliza mafundisho yanaanza lini, ili nijue kama nitaendelea. Wakaniambia mafundisho yapo, lakini kuingia nimeshaingia.

Jioni ileile mama akanipigia simu analia.

Espoir hakupiga foto. Alipiga filme, akaituma kwenye kundi la korali, kwaya ya kanisa letu, na sauti yake mwenyewe juu: "Muone Muislamu wetu! Amejiuza kwa sahani ya pilau!"

"Mutoto wangu," mama akasema, "nilikukosea nini? Si ungeniambia weye mwenyewe?"

Asubuhi Espoir alikuja na pikipiki kama vile hajafanya kitu. "Panda. Mama hakuli kitu."

"Juu ya nini ulituma ile?"

"Ungerudi bila ile? Mama alinituma nikulete, nakuleta. Na watu walicheka kidogo, kwani iko zambi?"

Njia yote, matope na bariyeri, nilitazama mgongo wake nikijiuliza kama ni yule niliyegawana naye blanketi moja tukichunga. Kabla ya kuondoka nilimwambia Papa Amisi naenda kumtuliza mama, nitarudi nimweleze ukweli wote. Alinipa kibidoni cha mafuta nimpelekee mama.

Jumapili pasta aliniita mbele. Mama alikuwa benchi la kwanza, midomo imekauka. Nilipanga kusema hivi: nilitamka bila kuelewa uzito, hakuna aliyenishurutisha, nipeni nafasi nifikiri. Maneno yalikuwa tayari!

Pasta akaniwekea mikrofoni. "Ndugu yetu, walikufanya nini kule?"

Swali lenyewe lilikuwa mlango uliofunguliwa. Na mimi, mwoga, nikapita.

"Nilikuwa mugonjwa," nikasema. "Walininyima chakula mpaka niseme maneno yao."

Ee Mungu wangu! Uji wa Mama Zaina niliugeuza njaa! Kanisa likapiga vigelegele. Mama akalia kwa furaha, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili. Mtu angewezaje kurudi nyuma hapo? Angeweza. Mimi sikurudi.

Nilipoinua macho nikaona telefone ya Espoir juu ya vichwa vya watu.

Filme ya pili ilifika Walikale kabla yangu. Niliporudi, njiani kuelekea uani nilisikia mama mmoja wa soko akimpigia Papa Amisi kelele: "Papa, mafuta ya leo iko ya kula, ao iko ya kushindisha watu njaa?" Wenzake wakacheka. Wateja wake wengi ni Wakristo. Sasa walikuwa wanapita meza yake kama inanuka.

Mjane yule mlokole peke yake alisimama na chupa yake. "Muache ujinga," akawaambia. "Huyu mimi namujua."

Uani, Mama Zaina alikuwa amekunja nguo zangu vizuri na kuzitia kwenye mfuko. Hakunisalimia. Hakunitukana pia. Aliingia ndani.

Papa Amisi alipotoka sokoni akanionyesha kiti.

"Kuacha dini, utajibu mbele ya Mungu," akasema. "Njo mambo yako na Yeye. Lakini nieleze moja tu. Mimi nilikulazimisha siku gani?"

"Hata siku moja, Papa."

"Mama Zaina alikunyima chakula siku gani?"

Nikaanguka magotini. "Niliogopa, Papa. Mama alikuwa pale, watu walikuwa wengi..."

"Na msikitini watu walikuwa wengi. Pale nilikuambia nini sikioni?"

"Ninyamaze."

"Basi." Akasimama. "Nimekusamehe, maana mimi pia nitahitaji kusamehewa. Lakini chumba sina. Mama Zaina kila akipika uji analia."

Nilirudi Masisi nikitaka kusahihisha. Nilimwomba pasta dakika chache tu za Jumapili. Akanishika bega: "Tumeshamushukuru Mungu juu yako. Usirudishe watu nyuma." Nikamwambia mama ukweli. Akauliza yale mafuta aliyoyapikia yalitoka kwa nani. Nikamwambia yalitoka kwa watu walewale. Tangu hapo ananiangalia kama mgeni aliyelala kwake bila kusema jina.

Nikamfuata Espoir. "Ulipiga uongo wangu. Basi piga na ukweli, utume kulekule."

"Kaka, telefone haina moto, imezimika," akanijibu. Telefone ileile ilikuwa inaimba mfukoni mwake!

Nilimlilia rafiki yule kuliko marehemu. Lakini nikimhesabia makosa yake, nakuta kwamba yeye alituma tu. Niliyempa cha kutuma ni mimi.

Ndiyo maana naandika hapa bila jina langu, ili aliyeiona filme ile asome na hili: yule mzee wa mafuta hakunilazimisha, na mke wake aliniponya. Majina yao nimebadilisha. Mnaomfahamu mtamjua. Nendeni mkanunue kwake.

Na ninyi wenye udadisi kama wangu, ulizeni! Ingieni msikitini, ingieni kanisani, kaeni nyuma, sikilizeni, hakuna dhambi hapo. Lakini maneno ambayo watu wanayafia msiyatie mdomoni kuonja chumvi. Na ukisimamishwa mbele ya umati, uwe wa mama yako au wa wageni, wakikukodolea macho wakingoja uwafurahishe, kuna jibu fupi la kweli ambalo lingeniokoa siku zote mbili. Liseme bila haya.

"Sijui bado."