Shuka ya Sinema na Maoni ya Baba

Disemba iliyopita nilirudi nyumbani kwetu, chini ya kilima cha Manga, nikakuta ukoo mzima umejazana sebuleni kwa kaka yangu mbele ya televisheni pana kama mlango. Mke wa kaka alikuwa hapo, mume wa binti yake alikuwa hapo, watoto wametapakaa sakafuni. Katikati ya filamu mwanamume na mwanamke wakaanza kubusiana, na hawakuwa na haraka. Hakuna aliyekohoa. Mama mkwe aliendelea kumenya ndizi, mkwe akaomba chumvi. Mimi peke yangu niliinuka, nikasema naenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wenyewe kaka yangu aliwauza zamani.

Usinicheke, rafiki yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeona filamu za kila namna na busu haliniui. Kilichoniinua ni kumkumbuka baba, na kila nikimkumbuka baba pamoja na sinema nasikia kuwashwa nyayoni, nataka kutembea. Nilizunguka zizi tupu mara tatu usiku ule ukiingia, kisha nikarudi ndani, nikakuta bado sina raha.

Baba yangu, ambaye kwa Ekegusii tulimwita Tata, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na mtu wa mambo ya zamani. Alilima majani chai lakini hayakuwahi kupita kooni mwake, kwa sababu kanisa lilikataza. Alipinga sketi fupi, nywele za kuchomwa kwa kitana cha moto, na nafaka ya wimbi kusagwa kwa mashine. Alisema unga wa mashine unatoka ukiwa umechoka. Lakini maoni yake makubwa yalikuwa juu ya Rais. Uhuru ulikuwa bado mchanga, miaka michache tu, na watu walikuwa wakibishana kila mahali kama nchi itawaliwe na mmoja au na wengi. Baba hakuona hata sababu ya kubishana. Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema. Apewe nguvu zote, na akipewa, sisi wengine tukachume pareto.

Aliyasema hayo kwa sauti. Hilo nataka ulijue. Baba alikuwa na sauti iliyovuka mto. Tukiwa shambani tunachuma maua ya pareto, vidole vimetuganda kwa umande, yeye alikuwa akihutubia kutoka mstari wa juu na majirani wa ng'ambo wakimjibu. Mama alikuwa akisema kwamba mumewe hahitaji redio, redio ndiyo inamhitaji.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye gazeti la juzi kila mara kwapani. Huyu aliamini kinyume cha kila kitu alichoamini baba, na baba alimpenda kwa sababu hiyo, ingawa angekanusha mbele ya msalaba.

Sasa njoo kwenye sinema. Gari la serikali lilikuwa likija sokoni kwetu mara mbili au tatu kwa mwaka, likitokea barabara ya Keumbu, na daima Jumamosi, Sabato ikiwa imekwisha na jua limezama. Dereva alifunga shuka nyeupe kwenye milingoti ya goli, akawasha jenereta, na harufu ya petroli ikachanganyika na ya mahindi ya kuchoma. Kwanza ilikuja filamu ya Rais: anafungua kiwanda, anapungia watu, anakagua gwaride. Halafu ndipo ikaja filamu yenyewe, ya Wazungu na farasi wao. Wasabato walikatazwa sinema. Baba alisema yeye anakwenda kumwamkia Rais, basi. Rais akimaliza kupunga mkono, baba alikuwa akijikuta bado ameketi.

Mara ya kwanza kabisa balaa lilizuka. Mwenye farasi alishuka, akamkumbatia msichana, akambusu mbele ya soko zima. Na hapo walikuwepo akina baba na binti zao, wazee na wake za wana wao, mama wakwe na wakwe. Wewe ukiwa si Mgusii labda hujui chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya wakwe. Mambo ya chumbani hayatajwi wala hayatazamwi mkiwa pamoja. Basi mzee mmoja alijifunika koti kichwani. Wake za watu wakakimbilia kwenye migomba. Mama yangu alimwona mkwe wake mwalimu hatua tatu kutoka kwake, akaketi chini pale pale kwenye tope na kuinamisha uso mpaka farasi wakaanza tena kukimbia.

Wazee walikaa, wakaamua. Shuka ilikuwa nyembamba na picha ilionekana pande zote mbili. Kwa hiyo tangu siku hiyo wazazi na wakwe wakubwa walikaa upande wa gari, na sisi watoto, pamoja na wakwe wa kiume na wake za wana, tukakaa nyuma ya shuka. Kila mtu alitazama ile ile sinema na hakuna aliyemwona mwenzake akiitazama. Dereva, ambaye si mtu wa kwetu, alisema hajawahi kuona jambo kama hilo popote. Sisi wa nyuma tuliona kila kitu kimegeuka. Rais alipunga kwa mkono wa kushoto, na farasi waliotoroka walirudi walikotoka. Ilitufaa kabisa.

Baba na mwalimu walizidi kunoga kwa mpango huo. Dereva alipokuwa akibadilisha gurudumu la filamu, giza likiwa limetanda na jenereta limetulia kidogo, walibishana kupitia shuka kwa kupaza sauti, na soko zima likafurahi kuliko filamu. Kuna filamu moja ya mji wa mbao wenye askari mmoja tu. Baba aliipenda mno.

"Hii ndio sinema iko na akili," alisema kutoka upande wake. "Mji moja, mkubwa moja. Angalia vile wezi wamenyamaza. Rais naye ni hivyo."

"Na huyo askari akiwa mwizi, Tata," mwalimu akajibu kutoka kwetu, "nani atamshika?"

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, nilimsikia. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Wacha kuzunguka, mwalimu. Hiyo ni ya askari. Ya Rais unasemaje? Sema, tusikie."

Mwalimu akasema. "Rais akichukua nguvu zote, siku akikosea tutamshtaki kwa nani? Hiyo si nchi, hiyo ni boma ya mtu."

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimeketi karibu na dada yangu, na nilihisi mkono wake umenishika bega kwa nguvu. Upande wa pili baba alimwita dereva awashe upesi. Gurudumu jipya likaanza kuzunguka na farasi wakatoka.

Jumatatu askari wa chifu walimchukua mwalimu darasani, chaki ikiwa mkononi. Miaka ile maneno kama yale hayakuwa ya kucheza nayo. Mtu angepoteza kazi, na wengine walipelekwa mbali na hatukujua walirudi lini. Dada alikuja kwetu na mtoto mgongoni, hakulia, aliketi jikoni akichambua mboga za chinsaga zilizokuwa zimekwisha kuchambuliwa. Baba alitembea uani huku na huku mpaka kuku wakamkwepa. Ulimi uliponza kichwa, mama alisema, lakini hakusema ulimi wa nani.

Alhamisi kukawa na baraza uwanjani. Sisi wa darasa la sita tulipelekwa kuimba, kwa hiyo nilikuwa nyasini mbele kabisa na niliona yote. Mwalimu alisimamishwa pembeni bila viatu. Chifu alitaka shahidi, na alijua pa kumpata: mzee wa kanisa asiyejua kusema uongo, tena mpenzi wa Rais kuliko sisi sote.

"Mzee, wewe ndio ulikuwa unajibizana na yeye," chifu alisema kwa upole. "Alisema nini juu ya mtukufu Rais?"

Baba alivua kofia. Niliogopa jibu lake, kwa sababu nilimjua. Nilikuwa nimechapwa mara ngapi kwa uongo mdogo wa sukari.

"Chifu, yule ni mkwe wangu," alisema. "Wewe ni mtu wa hapa, unajua chinsoni. Mimi nilikaa upande wangu wa shuka, yeye upande wake. Sura yake sikuona. Sauti zilikuwa nyingi huko nyuma. Mimi siwezi kusema maneno ilitoka kwa mdomo ya nani."

Wazee wakaguna kukubali. Chifu alimtazama, akamtazama mwalimu, akatazama viatu vyake mwenyewe. Angeendelea kuuliza, ingembidi amlazimishe mzee aeleze mbele ya watu alivyokuwa akitazama pamoja na mkwe wake picha za kubusiana. Naye alikuwa na wakwe pale pale barazani. Alimwonya mwalimu, akamwonya baba, akatuonya hata sisi waimbaji, kisha akamwachilia.

Sote tulijua kwamba baba aliitambua ile sauti. Angeitambua usingizini. Robo ile ya mwaka kanisani, siku ya kuoshana miguu na kushiriki meza ya Bwana, baba alibaki nje ya mlango, ameshika kofia. Robo iliyofuata pia. Baadaye aliomba mwingine awe mzee wa kanisa, akasema macho yamechoka, na macho yake yalikuwa mazima. Niliona uchungu na niliona fahari, na nikiwa na miaka kumi na miwili sikujua niweke wapi hivyo viwili.

Mwalimu alikuja kumshukuru. Alikuja na gazeti kama kawaida, akalifungua, akaanza kwa uchokozi wake wa zamani kuuliza Tata anaonaje hotuba ya Rais ya wiki ile. Baba alilitazama gazeti, akasema mvua imekawia mwaka huu. Mwalimu akangoja. Baba akaongeza kwamba ng'ombe mwekundu ana mimba.

Gari la sinema liliendelea kuja miaka kadhaa, baba hakwenda tena. Shambani alichuma pareto akiwa kimya, na majirani wa ng'ambo walimwita mara mbili tatu, wakachoka. Alipokuwa na jambo la kumwambia mama alisubiri waingie ndani. Mimi nilikua nikijifunza kunyamaza bila kufundishwa, na nikawafundisha hivyo hivyo wanafunzi wangu, nikiita adabu.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliona marais wakipita, aliona mkwe wake akiota mvi, nao waliheshimiana mpaka mwisho, wakizungumza juu ya mvua na ng'ombe. Watu huniuliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa na msimamo gani kuhusu nchi hii. Nawaambia aliyoyasema kabla ya lile baraza. Aliyoyafikiria baadaye, kama bado alitaka mtu mmoja apewe nguvu zote au alibadilika, sikumwuliza hata mara moja, nikiogopa kuna mtu anapita njiani.